Slaidi za Dodoma na Haki ya Kuhariri

Uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulisubiri zaidi ya miaka arobaini, hata Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016. Tangu hapo ofisa wa Unguja au Pemba aitwaye kwenye kikao cha mambo ya Muungano hana budi kuvuka bahari kwanza, kisha apande bara. Treni ya umeme iliyozinduliwa Agosti 1, 2024 imeipunguza sana adha ya nchi kavu, na jambo hilo lastahili pongezi. Lakini mara nyingi msafiri huyo akishaketi ukumbini, projekta huwashwa, naye huonyeshwa slaidi zilizokwisha kukamilika. Kisha huulizwa kama ana neno. Atakuwa na neno gani juu ya takwimu alizoziona kwa dakika mbili, tena kwa herufi ndogo kama chembe za uwele?

Siku hizi mtindo huo hauna udhuru wa kiufundi. Programu za slaidi zitumikazo kwa mtandao, kama vile Google Slides na PowerPoint ya mtandaoni, huliweka faili katika kompyuta za mbali ambazo wataalamu wameziita wingu. Mmoja akiwa Mtumba, wa pili Unguja mjini na wa tatu Chake Chake, wote waweza kulifungua faili lile lile na kuliandika kwa wakati mmoja. Zile nakala za kwanza, za pili na za “mwisho kabisa” zilizokuwa zikipishana njiani hazina kazi tena. Programu huweka kumbukumbu ya mabadiliko, nani kafanya na lini, na toleo la jana laweza kurudishwa.

Hata hivyo, mwenye faili ndiye mgawaji wa ruhusa, nazo kwa kawaida ni za daraja tatu: kutazama, kutoa maoni na kuhariri. Hapa ndipo tunapowaomba wakubwa wetu watusikilize. Kumpa mwenzio ruhusa ya kutazama tu si kumshirikisha, bali ni kumwonyesha. Kwa jambo linalozihusu pande zote mbili za Muungano, ofisa wa Visiwani apewe ruhusa ya kuhariri tangu slaidi ya kwanza, si usiku wa kuamkia kikao. Tunajua jibu litakalotolewa, kwamba wengi wakishika kalamu kazi itavurugika. Kumbukumbu tuliyoitaja yatosha kuiondoa hofu hiyo. Na kama ofisa anaogopa mwenzake asizikaribie takwimu zake, basi pengine takwimu zenyewe ndizo zenye mashaka.

Wenzetu wa Unguja hawahitaji kufundishwa hatari ya kutegemea waya mmoja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa kutoka Bara. Mei 12, 2024 ilikuwa zamu ya intaneti: nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na mawasiliano yakazorota Tanzania na nchi jirani. Programu hizi huweza kuweka nakala ndani ya kompyuta ya mtumiaji, mradi aagize hivyo kabla mtandao haujakatika. Ofisa anayewasili ukumbini akiwa na kiungo cha mtandao peke yake hajajiandaa.

Kiungo nacho kina hatari zake. Kikiachwa wazi, yeyote atakayekipata hulisoma faili, na iwapo ndani yake mna majina ya wagonjwa au wanafunzi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika. Vilevile faili la ofisi lisifunguliwe kwa akaunti binafsi ya mtumishi. Akihamishwa, huondoka nalo.

Bunge la Bajeti huanza Aprili kila mwaka hapa Dodoma, na matayarisho yake hutangulia kwa miezi. Tunapendekeza kila wizara yenye mambo ya Muungano ifungue faili lake la slaidi mapema, liandikwe kwa Kiswahili, na ruhusa ya kuhariri ipelekwe Unguja na Pemba angalau wiki mbili kabla ya kikao cha kwanza.