Kosa la Rubani, au Pengo la Elimu?

Helikopta ndogo inapoanguka na kumuua rubani ambaye bado ni mgeni wa kazi, hukumu ya watu hutoka upesi: kosa ni la rubani. Hukumu hiyo aghalabu huwa na ukweli ndani yake, lakini haitoshi. Si haki kumlaumu mtu kwa kutofanya jambo ambalo hakufundishwa, hasa ikiwa jambo lenyewe ni kinyume cha hisia za mwili wake.

Mfano mzuri ni helikopta aina ya Robinson R22, iliyoruka mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1975 na kupewa kibali mwaka 1979. Ina viti viwili, na uzito wake pamoja na mzigo hauruhusiwi kuzidi kilo 622. Frank Robinson aliibuni kwa safari za watu binafsi. Lakini kwa kuwa gharama yake ni nafuu, vyuo vya urubani viliipokea kwa wingi. Hivyo wanafunzi wengi wamejifunza kuruka katika chombo kisichosamehe makosa kwa urahisi.

Sababu yake ni ya kifizikia. Rafadha kuu ya R22 ina mapanga mawili, yaliyofungwa juu ya mhimili mfano wa ubao wa bembea: upande mmoja ukipanda, wa pili hushuka. Maadamu mapanga yanabeba uzito, kiwiliwili cha helikopta huning'inia chini yake na kuyafuata yanakoelekea. Lakini rubani akisukuma usukani mbele kwa ghafla, chombo huwa kama kisicho na uzito, na rafadha hukosa mzigo wa kubeba. Wakati huo rafadha ndogo ya mkiani huendelea kusukuma, na helikopta huanza kulalia kulia. Hisia humwambia rubani apeleke usukani kushoto. Akitii, rafadha huinama kushoto ilhali kiwiliwili hakiifuati. Kitovu chake hugonga mhimili, na mhimili huweza kukatika. Dawa ni kuvuta usukani nyuma taratibu, ili mapanga yabebe tena uzito, ndipo mlalo urekebishwe.

Tarehe 29 Juni 1992, karibu na Richmond, California, mwanafunzi na mwalimu wake walikufa katika R22 iliyovunjikia angani. Kinasa sauti kilichokuwamo kilihifadhi mazungumzo ya somo la kawaida, yaliyokatizwa ghafla na kishindo. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza ajali za namna hiyo, na katika taarifa yake ya mwaka 1996 ilieleza kuwa misogezo mikubwa na ya ghafla ya usukani yaweza kuifikisha rafadha kwenye maafa. Kuwapo kwa mwalimu, basi, si kinga kamili. Hatari huja upesi kuliko mkono wake.

Mwaka 1995 mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ilitoa kanuni maalumu: mtu asishike usukani wa R22 kabla hajafundishwa hatari hizi. Aidha, anayetaka kuwa rubani mkuu wa chombo hicho awe na saa 200 za kurusha helikopta, 50 kati yake katika R22, au awe amefundishwa kwa saa 10 katika R22 na kuthibitishwa na mwalimu.

Wako wanaosema kwamba masharti ya namna hii huongeza gharama, na kwamba uzoefu ndio mwalimu bora. Hoja hiyo haina nguvu hapa. Kusukuma usukani makusudi ili kupoteza uzito kumepigwa marufuku katika R22, kwa kuwa jaribio lenyewe laweza kuua. Jambo lisiloweza kuzoewa angani halina budi kueleweka darasani.

Walimu wa sayansi wanaijua kanuni hii. Mwanafunzi huambiwa atie asidi katika maji, wala asitie maji katika asidi, kabla hajaigusa chupa. Na huelezwa sababu yake, ili asiwe anakariri tu. Rubani mwanafunzi anastahili uangalifu huohuo. Wachunguzi wa ajali, kabla ya kuandika kwamba rubani alikosea, hawana budi kuuliza pia alifundishwa nini, na nani aliyemwona kuwa tayari.