Panga Lingoje Kwanza

Mwanagenzi wa kilimo anapopewa shamba la kichaka huko Marereni, nchi ya chumvi na jua kali, jambo la kwanza hushika panga. Hufyeka pote, akapanda sukumawiki. Mvua ya masika ikikatika, hubakiwa na vumbi. Kumbe hayo aliyoyaita magugu, mengi ni mboga. Mnavu, mchunga na mchicha wa porini humea bila kupandwa, na akina mama wa Kigiriama huzichanganya katika chungu kimoja. Asiyeyajua majani hayo kwa majina hawezi kulitenga lenye sumu, na elimu hiyo huzikwa pamoja na wazee. Twawasihi walimu, kabla ya kugawa majembe, wawaalike mabibi wa wanafunzi waje kufundisha. Kisha ilimwe sehemu ndogo tu.