Theluji imeanguka Roma, lakini Malindi tusishangilie bado

Jumatatu, Februari 26, 2018, Roma iliamka ikiwa nyeupe. Shule zikafungwa, treni zikachelewa, hata mapadri wakaonekana wakirushiana theluji. Kesho yake Napoli nayo ikapata yake. Baridi hii imetoka Siberia, na Roma haikuwa imeona theluji ya namna hiyo tangu 2012.

Huku kwetu kaskazi inamalizikia, jua linachoma kwelikweli, na picha za Roma zinazunguka kwenye WhatsApp. Vijana wa ufuoni wanazitazama na kusema: wakiganda huko, huku tutakula.

Hesabu hiyo si ya kijinga. Waitaliano wako hapa tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti pale Ngomeni. Leo Malindi mjini mabango ni ya Kiitaliano, na kuna vijana ambao hawajawahi kufika hata Nairobi lakini wanabonga Kiitaliano kama lugha ya nyumbani. Wageni hujaa Desemba hadi Machi kwa sababu huo ndio wakati kwao kuna baridi.

Lakini theluji ya wiki moja haipandishi mtu ndege. Anayekuja Watamu kwa kawaida amepanga safari mapema, na mara nyingi amelipa huko huko kwao: ndege, chumba na chakula, vyote kwa mpigo. Ndege yenyewe inatua Mombasa, maana uwanja wa Malindi ni mfupi kwa ndege kubwa. Kinachotufikia sisi ni mshahara wa hoteli, bakshishi, vinyago viwili vitatu na safari ya mashua kwenda kuona samaki.

Halafu Pasaka ya 2018 ilikuwa Aprili 1. Baada ya hapo masika yanaingia, kusi inavuma, mwani unajaa ufuoni na hoteli zinafunga moja baada ya nyingine. Mhudumu wa kibarua anaambiwa atapigiwa simu. Kodi ya nyumba haiendi likizo.

Sasa, kwani baridi ni ya Ulaya peke yake? Julai watu wa Nairobi na Limuru huvaa majaketi mawili mawili, na tangu Juni 2017 kuna treni inayowafikisha Mombasa kwa saa tano hivi. Ni kweli bahari ya Julai ina mawimbi. Lakini mtu wa Limuru hatafuti maji tulivu, anatafuta mahali pa kuvua sweta.

Shida ni kwamba mgeni huyu hatujamzoea. Mzungu anaitwa ciao akiwa bado mbali. Mkenya akiingia mahali pale pale, anatazamwa viatu kwanza. Pesa yake ni ile ile, tena hahitaji kubadilishiwa.

Kaunti na wenye hoteli wakae chini sasa hivi, sio Juni. Tunataka bei za Julai zinazojulikana mapema, matatu za kutoka stesheni ya Miritini moja kwa moja hadi Kilifi, Watamu na Malindi, na mikataba ya kazi ya mwaka mzima hata kama mshahara wa Mei utakuwa mdogo.

Theluji ya Roma itayeyuka wiki hii hii. Kusi iko njiani, na yule mhudumu bado hajaambiwa Mei atakula nini.