Franco anarudi akiwa amesafishwa, lakini Uvira itamsikiaje?

Juni 6, 2026 inatimia miaka 70 tangu OK Jazz izaliwe Léopoldville, katika baa ya Oscar Kashama iliyowapa wanamuziki wale jina lao. Kwa wapenzi wa rumba wa Uvira, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, na wale wa Makobola na Baraka, tarehe kama hiyo huamsha matumaini yaleyale: kwamba huko Ulaya kampuni fulani itatoa tena nyimbo za Franco Luambo, safari hii zikiwa zimesafishwa, gitaa likisikika kama siku lilipopigwa.

Vijana wengi hucheka wakisikia hivyo. Mzee ana nyimbo 200 za Franco katika karti memori yake, anangojea nini tena? Swali hilo lina haki yake, na jibu lake ni kwamba mzee hana nyimbo hizo. Ana kivuli chake.

Kinachozunguka katika simu za Uvira ni kopi ya kopi. Diski ilinakiliwa kwenye kaseti miaka ya 1980, kaseti ikanakiliwa kwenye kaseti nyingine, baadaye mtu akaitia katika kompyuta, akaipunguza uzito ili nyimbo nyingi ziingie katika karti moja. Kila hatua ilikula kitu. Kwanza hupotea sauti za juu. Kisha hupotea mi-solo, lile gitaa la katikati linalofuma kati ya ritimu na solo, ambalo ndilo hasa linalowafanya watu wasimame kwenye viti seben inapoanza. Anayebaki ni mwimbaji na kelele.

Kuna hasara nyingine ambayo wapenzi wa sasa hawaijui kabisa. Nyimbo nyingi za OK Jazz za mwanzo wa miaka ya 1970 zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa diski ndogo ya mizunguko 45. Zilikatwa mara mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili muendelezo na seben. Aliyenakili kwa haraka alichukua upande wa kwanza tu. Kwa hiyo kuna watu wa miaka 30 ambao wamecheza wimbo fulani maisha yao yote bila kujua kwamba una nusu ya pili.

Ndiyo maana kutoa upya nyimbo hizi si mchezo wa wazee wanaokumbuka ujana wao. Ni sawa na kurudisha kurasa zilizong'olewa katika kitabu.

Kazi yenyewe si ya kubofya tu. Fundi anatafuta kwanza tepu ya studio, ile mama. Mara nyingi haipo: imepotea, imeoza, au nyimbo nyingine zimerekodiwa juu yake. Hapo analazimika kutafuta diski iliyotunzwa vizuri kuliko zote, pengine nakala mbili tatu, anaiosha, anaipiga kwa sindano inayoifaa, kisha anaondoa mkwaruzo mmoja baada ya mwingine. Akizidisha, anaua. Mkwaruzo na sauti ya maraka zinakaa karibu sana, na kompyuta haijui tofauti yake. Kuna CD ambazo zilisafishwa mpaka pumzi ya Vicky Longomba ikatoka pamoja na vumbi. Na kuna mafundi wanaopandisha sauti yote juu ili diski ipige kwa nguvu kama muziki wa leo, matokeo yake sikio linachoka baada ya nyimbo tatu. Mpenzi wa rumba anayesema anapendelea mkwaruzo wa zamani kuliko usafi wa namna hiyo hakosei.

Lakini zipo kazi nzuri, na ni vema zitajwe. Kampuni ya Sterns ya London ilitoa mkusanyo wa Tabu Ley mwaka 2007, kisha ikafuata Franco kwa sehemu mbili, mwaka 2008 na 2009, na Grand Kallé mwaka 2013. Analog Africa ya Ujerumani ilimtoa Verckys mwaka 2014. Planet Ilunga ya Ubelgiji imejikita katika miaka ya mwanzo kabisa, ile ya Loningisa, kati ya 1956 na 1961, wakati Franco alikuwa bado kijana na OK Jazz ilikuwa bado inacheza cha-cha-cha. Ukilinganisha kazi hizo na CD nyingi za miaka ya 1990, ambazo zilichanganya nyimbo za miaka tofauti bila tarehe, bila majina ya wapiga gitaa, na mara nyingine jina la mtunzi likiwa limekosewa, utaelewa kwa nini watu wako tayari kungoja.

Kwa nini lakini kungoja ni kurefu hivyo? Kwa sababu Franco hakurekodi nyumba moja. Alianza Loningisa, duka la Wagiriki wa Léopoldville, mwaka 1953. Baadaye zikaja lebo zake mwenyewe: Epanza Makita, Éditions Populaires, Visa 1980, Edipop, Choc. Sehemu kubwa iliuzwa nje kupitia Sonodisc ya Ufaransa. Baadhi ya nyumba hizo zilikufa, nyingine zikauzwa pamoja na haki zake, na Franco mwenyewe alifariki Oktoba 12, 1989 huko Namur, Ubelgiji. Anayetaka kutoa albamu moja kwa uaminifu lazima kwanza ajue ni nani mwenye nini. Asiye mwaminifu hatafuti, anachapa tu.

Hapa ndipo furaha ya wapenzi wa Uvira inapohitaji kupozwa kidogo. Albamu hizo zinapotoka, hazitoki kwa ajili yao.

Diski ya vinili mpya Ulaya huuzwa mara nyingi euro 20 hadi 30, na ikiwa ni mbili katika mfuko mmoja bei hupanda. Ongeza posta. Ongeza kwamba posta hiyo hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa itafika Uvira. Ongeza mashine ya kuipiga, sindano, na umeme wa SNEL unaokatika seben ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Ndani ya mfuko kuna kitabu kizuri kinachoeleza nani alipiga nini, mwaka gani, studio ipi. Kimeandikwa kwa Kiingereza, pengine na Kifaransa kidogo. Muziki ulioimbwa kwa Lingala, ukachezwa na watu wanaosema Kiswahili, Kifuliiru na Kibembe, habari zake kamili zinasomwa na mtu wa London au Tokyo.

Inabaki intaneti. Ni kweli, nyimbo zilizosafishwa huingia pia huko, na anayenunua mega anaweza kuzisikia. Lakini mega za kusikiliza albamu nzima kwa sauti nzuri ni chakula cha siku katika nyumba nyingi. Kwa hiyo mtu mmoja anaipakua, anaipunguza uzito, anaigawa kwa karti memori, na tunarudi palepale: kopi ya kopi, mi-solo imepotea. Fundi wa Brussels alifanya kazi miezi mingi, na spika ndogo ya nganda ya kando ya ziwa ikaifuta kwa dakika moja.

Hilo si kosa la kampuni hizo peke yao. Biashara inafuata mnunuzi. Kosa kubwa zaidi liko nyumbani. Desemba 14, 2021, rumba ya Kongo iliandikwa katika orodha ya urithi wa UNESCO, na Kinshasa na Brazzaville zikasherehekea. Sherehe ilikuwa haki. Lakini urithi una miili, na miili ya urithi huu ni tepu na diski. Nchi ambayo iliwahi kuwa na kiwanda chake cha kuchapa diski, MAZADIS, leo inangoja wageni wachape muziki wake na kuuleta kama zawadi. Sheria ya haki za watunzi ipo tangu 1986, na SOCODA ilichukua nafasi ya SONECA mwaka 2011, lakini wajane na watoto wa wanamuziki bado ni walewale wanaochangiwa fedha za mazishi na mashabiki.

Na Uvira yenyewe? Watu hudhani mji huu ni msikilizaji tu, kwamba diski zote muhimu ziko Kinshasa au Ulaya. Si hivyo. Mafundi wanaosafisha wanatafuta nakala nzuri popote ilipo, na nakala nyingi zilifika mashariki: kwa wafanyabiashara wa Bujumbura, kwa walimu, kwa wenye baa waliokuwa na tourne-disque zao. Nyingine zilinusurika ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda kwa miaka 40.

Kisha ulikuja Aprili 2020. Mto Mulongwe ulipotoka katika njia yake, uliua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na hakuna aliyehesabu masanduku. Isingefaa kuyahesabu siku ile. Ziwa nalo likapanda, mwaka baada ya mwaka, likaingia katika nyumba na nganda za kando yake. Diski ya vinili inaweza kuoshwa matope ikapona. Karatasi ya mfuko wake, yenye majina ya wanamuziki, haiponi. Kaseti ikiingia maji ya ziwa imekwisha. Na Desemba 2025, M23 ilipoingia Uvira, makumi ya maelfu ya watu walivuka kuelekea Burundi wakiwa na watoto, sufuria na magodoro. Nani angebeba Franco?

Kwa hiyo wapenzi wanaosubiri tangazo kutoka Brussels wangefaidi zaidi kama wangeanza na sanduku lililobaki. Diski isimamishwe wima, isilazwe na kurundikwa. Iwekwe juu ya kabati, si chini. Jina la mtunzi, namba ya diski na lebo viandikwe katika daftari, na picha za pande mbili zipigwe kwa simu na kutumwa kwa ndugu aliye mahali pengine. Ni kazi ya mchana mmoja. Akija mnunuzi wa diski za zamani, na katika Afrika wanazunguka tangu zamani, asipewe rundo zima kwa bei ya katoni ya bia. Diski adimu ambayo hapa inaonekana takataka, huko inauzwa kwa mamia ya euro. Kuuza si dhambi, mtu ana karo ya kulipa. Lakini auze akijua anachouza, abaki na kopi nzuri, na apate karatasi yenye sahihi.

Kuna jambo jingine ambalo mazungumzo haya juu ya Franco huliziba. Kiswahili kina rumba yake, na wenyewe walitoka huku. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akawa sauti ya Super Matimila mpaka mtaa wa Sinza ukaitwa kwa jina lake. Mose Fan Fan aliacha gitaa la OK Jazz, akaja Afrika Mashariki, akapiga na Makassy. Albamu ya Makassy iliyorekodiwa Nairobi na kutolewa na Virgin mwaka 1982 ilitolewa tena 2005. Albamu mbili za Remmy za Real World, ya 1989 na ya 1992, zinapatikana kwa sauti safi. Lakini zile nyingi alizorekodi katika studio ya Radio Tanzania, zile hasa ambazo watu wa pande zote mbili za Tanganyika walizijua kwa moyo kwa sababu mawimbi ya redio hayakusimamishwa Kigoma, zinasikika hadi leo kwa mvumo na mkwaruzo. Na kabla yao wote kulikuwa na Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952, gitaa moja na Kiswahili cha Katanga. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanamsoma kama mwalimu. Katika nganda za Uvira, mara ngapi anapigwa?

Mashabiki wa Franco wana sauti, na wanapoidai albamu fulani, kampuni huwasikia, kwa sababu wanajua kuna wanunuzi Paris na Brussels. Remmy na Mwenda hawana kundi la namna hiyo. Wenye kuelewa kila neno waliloliimba wako huku, kati ya Kalemie, Uvira na Goma, na wengi wao hawana euro 30.

Wanachoweza ni kuandika. Kampuni hizi ndogo huendeshwa mara nyingi na mtu mmoja au wawili, na barua inayosema "nina diski hii, upande wa pili ni mzima, na ninamjua aliyepiga besi" ina uzito kwao kuliko maombi 100 ya kupewa nyimbo bure. Mtu wa Uvira mwenye diski ya namna hiyo anaweza kudai mambo mawili kabla ya kuiazima: nakala kamili ya sauti iliyosafishwa, isiyopunguzwa uzito, ibaki katika redio moja ya mji wake, na kurasa mbili za kile kitabu ziandikwe kwa Kiswahili.