Nyumba imejaa watu, mgonjwa yu peke yake

Mwaka jana ami yangu alirudishwa Faza kutoka Mombasa. Daktari alituambia sisi, si yeye, kwamba saratani imeshaenea na hakuna tiba. Tukakubaliana asiambiwe. Kila akiuliza, jibu lilikuwa vidonda vya tumbo.

Watu hawakukosekana. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya mwenzake, na hilo visiwani tunalitimiza vizuri: asubuhi wanawake na uji, baada ya alasiri wanaume, dua, "utapona inshallah", kisha maneno ya bei ya kamba na siasa za kaunti juu ya kitanda chake. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini. Usiku mmoja akaniita.

"Mwanangu, vidonda vya tumbo ndivyo vinavyosomewa Yasin kila siku?"

Nilinyamaza. Nasi twajiita watu wa huruma!

Masafa nayo yanachangia. Atokaye Faza kwa matibabu ya mionzi hupanda mashua hadi Lamu, avuke Mokowe, kisha basi zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa, kwa barabara ambayo mashambulizi yameifanya isafiriwe kwa ulinzi. Familia huweza kumtuma mtu mmoja tu kumuuguza. Akiambiwa arudi nyumbani, hurudi na panadoli na karatasi, basi. Na mtu mwenye maumivu makali hawezi kuzungumza na yeyote, hugeukia ukuta.

Uganda walilitazama jambo hili mapema. Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 kuwafuata wagonjwa majumbani na mofini ya maji, na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika dawa hiyo, bila kungoja daktari. Hivyo ndivyo Pate, Ndau na Kiwayu zinavyohitaji: muuguzi mwenye mafunzo, mofini, na mafuta ya boti. Wagombea wetu hutuahidi magati kila uchaguzi. Hili sijalisikia kwa hata mmoja.

Lakini kusema kweli hakungoji bajeti. Usiku wa tatu nilimwambia ami. Hakulia. Aliuliza siku ngapi, akanitajia deni la nyavu nilipe, kisha akataka aitwe nduguye waliyekatana maneno kwa ajili ya shamba tangu mimi sijaoa.

Alikuja asubuhi. Wakafunga mlango hadi adhuhuri, nasi wageni tukawazuia ukumbini.