Kasumba Iliyomo Glasini

Kasumba ni maradhi mabaya kuliko malaria, kwa maana mgonjwa wa malaria hutafuta dawa, lakini mgonjwa wa kasumba huyaonea fahari maradhi yake. Katika miji yetu, na Musoma haikusalimika, umezuka mtindo wa kupima maendeleo ya mtu kwa chupa iliyo mezani pake. Ndugu huyo huyo akiwa kwao katika bonde la Mto Suguti, au Majita, au Butiama, hunywa pombe ya ulezi harusini kwa raha zake na kuisifu kwa sauti. Akirudi mjini, akaketi katika baa ya kisasa yenye taa hafifu na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza, huona haya hata kuitaja. Huagiza bia iliyovuka bahari, au kileo cha kuchanganywa chenye kijiti na kipande cha limau, na hulipa bila kunung'unika.

Sina ugomvi na mtu anayekula na kunywa kwa jasho lake. Ugomvi wangu ni na dharau iliyojificha ndani ya uchaguzi wake, kwa sababu dharau hiyo ina gharama, na wanaoilipa ni watu wengine kabisa.

Siku hizi zinasifiwa sana bia zinazoitwa za mafundi. Ni bia zisizotoka katika viwanda vikubwa, ambazo hupikwa kidogo kidogo na watu wachache, kila mpishi na ladha yake. Nchini Marekani jambo hilo lilipata nguvu baada ya mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyowaruhusu raia kupika bia majumbani mwao kwa matumizi yao. Waliojifunzia jikoni wakafungua viwanda vidogo, na leo viko maelfu. Mtindo huo umefika hata kwetu Afrika Mashariki. Nairobi ilipata Brew Bistro, mahali ambapo mteja alikula chakula chake huku akinywa bia iliyopikwa na wenyewe, na wasomi wa mji wakapanga foleni.

Sasa na tuulize: mama wa Suguti anafanya nini? Huloweka ulezi au mtama, huuacha uchipue, huuanika, kisha husaga kimea chake. Unga mwingine huuchachusha, huukaanga juu ya moto, huuchanganya na kimea na maji, akasubiri siku zake, akachuja. Hupika kidogo kidogo, kwa mkono, kwa nafaka ya shamba lake, na wanywaji humtambua kwa ladha yake. Kama huyo si fundi, basi neno fundi halina maana. Tofauti ni moja tu: mpishi wa Ulaya anaitwa msanii, na mama huyu anaitwa mpika pombe, tena kwa kubeza.

Dharau hii haikuota yenyewe. Wakoloni waliipanda kwa sheria. Katika Tanganyika sheria zao ziliitenga pombe ya wenyeji na vileo vya Wazungu, na hadi katikati ya miaka ya 1950 Mwafrika alikatazwa pombe kali za Kizungu. Chupa ikawa alama ya ubwana, kibuyu kikawa alama ya ushenzi. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, mlango wa baa ulifunguliwa kwa wote, lakini ile ngazi ya heshima ilibaki imesimama pale pale, na sisi wenyewe tukaanza kuipanda kwa kusukumana.

Angalia jinsi inavyofanya kazi. Hoteli ya Carnivore, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1980, ilijipatia sifa kwa kinywaji kiitwacho dawa: vodka, ndimu, asali na barafu. Watalii wanakipenda, nasi tunawafuata. Lakini wanzuki, pombe ya asali ambayo wazee wa Singida na Tabora waliijua kabla ya vodka kufika pwani yetu, haina nafasi katika orodha hiyo. Asali ya Mwafrika hupata heshima ikishachanganywa na pombe ya mgeni. Ikiwa peke yake, ni ya kilabuni.

Hata chakula kimeingia katika mkumbo huo. Mezani huletwa mnofu wa sangara, mweupe, bila mwiba. Samaki huyo aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akaliangamiza kundi kubwa la furu, na baadaye viwanda vya minofu vikamfanya bidhaa ya kwenda Ulaya. Mnofu ukasafiri, bondo likasafiri kwenda Mashariki ya Mbali kwa bei kubwa, na mwananchi wa mwambao akaachiwa kichwa na mifupa, yale mapanki. Wakati huo huo dagaa na ugali wa udaga, chakula kilichotukuza sote, mteja wa mjini hukiita chakula cha shamba. Kwani mjini tunakula cha wapi?

Tuje kwenye fedha. Wazee wa Kikuria huko Tarime walizoea kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Mrija ule ulikuwa wa ushirika. Upo mrija mwingine, ambao wananchi walifundishwa kuutambua tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka huo huo kiwanda cha bia cha taifa kilitwaliwa na umma. Mwaka 1993 nusu ya hisa zake ziliuzwa kwa South African Breweries, na mwaka 2016 kampuni mama iliponunuliwa na AB InBev ya Ubelgiji, bia yetu nayo ikahamia huko. Kiwanda cha Serengeti nacho, mwaka 2010 asilimia 51 ya hisa zake zilinunuliwa na EABL ya Nairobi. Viwanda hivi vinalipa kodi na vinaajiri vijana wetu, wala hakuna mwenye akili atakayetaka vifungwe. Lakini ni lazima tujue kwamba faida ya chupa husafiri mbali, na faida ya chungu hubaki kijijini, ikageuka daftari, sare ya shule na bati la nyumba.

Wako watakaosema kwamba pombe za kienyeji huua. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Mwezi Novemba mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Januari 2015 watu 75 walikufa Chitima, nchini Msumbiji, baada ya kunywa pombe msibani, na wataalamu waligundua kwamba sumu ilitokana na bakteria katika unga wa mahindi ulioharibika. Lakini tuseme ukweli wote. Methanoli hutiwa na wafanyabiashara wenye tamaa, nao hustawi gizani. Unga mbovu hugunduliwa pale penye mkaguzi na elimu. Kumfukuza mama huyu vichakani ni kumnyima vyote viwili. Tena tusichanganye mambo: gongo ina sheria yake, Sheria ya Moshi ya mwaka 1966. Pombe ya ulezi ni kitu kingine, na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inaitambua pombe ya kienyeji na kuiwekea leseni. Ulevi nao ni aibu, uwe wa kibuyu au wa glasi ndefu. Mlevi wa baa ya mjini hana daraja la juu kuliko mlevi wa kilabuni.

Jirani zetu wameonyesha kwamba njia ipo. Uganda, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, bia ya Eagle imepikwa kwa mtama wa Epuripur, na wakulima wakapata soko. Kenya nayo imetupa somo la pili: mwaka 2013 kodi ilipopandishwa juu ya bia ya mtama, mauzo yalianguka na mkulima akabaki na magunia yake. Mtama hauhitaji hotuba. Unahitaji soko na kodi yenye busara.

Basi yapo ya kufanya. Kwanza, Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zinazotoza ushuru katika vilabu zirudishe sehemu ya fedha hizo kwa maji safi, vyoo na ukaguzi. Pili, SIDO na Shirika la Viwango ziwafuate akina mama walio katika vikundi, ziwafundishe usafi, vipimo na ufungaji, nacho Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kilichopo Butiama kisione haya kuichunguza hamira ya ulezi. Tatu, wenye baa za mjini waweke katika orodha zao kinywaji kimoja na sahani moja ya mkoa huu, kwa jina lake na kwa bei ya heshima. Nne, sisi walaji tuagize.

Hilo la nne ndilo gumu, kwa kuwa halihitaji bajeti wala sheria mpya. Linahitaji mtu aketi mjini, mbele ya wenzake, na aitishe kwa sauti ile ile aliyoitumia kijijini. Atakayeshindwa kufanya hivyo asilalamike kwamba kwao hakuendelei.