Mlango Usio na Hodi

KANDO YA ZIWA
Na Ramadhani Masanja

Yuko jirani yangu mmoja hapa Kirumba, Mwanza, mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, ambaye kila jioni arejeapo kwake husimama nje ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake mwenyewe, akapiga hodi, wala haingii mpaka mkewe aitikie karibu. Watoto wa mtaa humcheka. Mimi sikuthubutu kumwuliza, hata siku moja, tukiwa tumeketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa huku wanawake wakigeuza dagaa juani, alipoanza mwenyewe kunisimulia kwamba zamani alipokuwa kifungoni alitiwa katika chumba cha peke yake kwa siku alizokoma kuzihesabu, na siku zote hizo mlango ulifunguliwa na kufungwa bila ya hodi, sahani ya ugali ikisukumwa ndani kwa mguu, na salamu zake zisipate mwitikiaji. "Ndugu yangu," akasema, "njaa niliizoea. Kutoitikiwa sikukuzoea."

Sisi tuliofundishwa tangu utotoni kwamba kutoa salamu ni sunna na kuitikia ni faradhi, pamoja na ndugu zetu Wasukuma ambao maamkizi yao hayakatiki upesi, hatuhitaji mwanasheria wa kutufasiria uzito wa maneno hayo. Mtu ni watu. Hakimu amhukumupo mkosaji humwondolea uhuru wake. Uanadamu wake hakupewa mamlaka ya kuugusa.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka 22 alipofungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake uitwao *Kenya: Twendapi?*, na katika miaka 3 ya kifungo, ambayo sehemu yake kubwa aliipitisha katika upweke, alitunga mashairi kwa siri juu ya karatasi za msalani, yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, kisha yakapata tunzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Alipofunguliwa alikuja kwetu, akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini asitokee mtu wa kusema kwamba upweke ndio uliotuzalia diwani ile: diwani ilizaliwa kwa kuukataa upweke, kwa kuwa mtu aliyenyimwa wa kusema naye alimtafuta msomaji nje ya ukuta. Na wale wasiojaaliwa utunzi, ni wangapi waliotoka humo wakiwa mabubu?

Alhamdulillahi, manusura wengine wamesema. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Nairobi iliwaamulia fidia watu 21 walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Na mwaka 2013 wafungwa wapatao 30,000 wa California walisusia chakula kuipinga adhabu ya kutengwa. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukapitisha Kanuni za Mandela, zisemazo kwamba kumfungia mtu peke yake saa 22 au zaidi kwa siku, pasipo mazungumzo ya maana na binadamu mwenziwe, kusizidi siku 15 mfululizo.

Mwanza yetu ina sababu ya pekee ya kulisikiliza jambo hili. Mwaka 1976, katika mkoa huu na ule wa Shinyanga, watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji ya kichawi waliteswa mikononi mwa dola, baadhi yao wakafa. Na Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ijapokuwa hakumgusa yeyote kwa mkono wake, alijiuzulu, akatufunza kwamba yatendwayo nyuma ya mlango uliofungwa yana mwenyewe. Sheria yetu ya Magereza ni ya mwaka 1967, ilhali Katiba, ibara ya 13, inakataza adhabu za kutweza na kudhalilisha. Basi na wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa waziombee Kanuni za Mandela nafasi ndani ya sheria, ziwe amri wala si nasaha, na kila atengwaye aandikwe daftarini, aonwe na tabibu kila siku, na jamaa zake wapewe habari.

Jana magharibi nilimsikia jirani yangu akipiga hodi. Mkewe alikuwa ametoka, na nyumba ikanyamaza. Nikaitikia mimi, kutoka uani kwangu: karibu.